Tundu katika Ulimi: Linavyotobolewa, Linavyopona na Linapokuwa Hatari



Ndugu wasomaji, darasa la afya la toleo hili lilikuwa liwe juu ya fizi zinazotoka damu. Nimeliahirisha kwa sababu ya jambo lililotokea mwishoni mwa Shaaban. Dada mmoja katika sisi, ambaye tunasoma naye halaka ya Qur'ani kila Alhamisi, alitoboa ulimi wake. Kwa siku sita hakumwambia mtu. Alipokuja kubisha mlango wangu usiku wa siku ya sita alikuwa hawezi kusema, akaniandikia kwenye simu. Amenipa idhini niyaeleze haya bila jina lake, kwa sharti moja, kwamba nieleze na yale ambayo yeye alitamani angeyasoma mahali kabla ya siku hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno, si mufti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya darasa hili ni ya mdomo, na sehemu ndogo ni ya hukumu.

Tuanze na kioo

Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, inua ncha ya ulimi iguse kaakaa. Chini ya ulimi utaona mistari miwili ya buluu, mmoja kila upande. Hiyo ni mishipa ya vena. Mishipa ya ateri ambayo huioni inapita karibu nayo, ndani zaidi, pamoja na mishipa ya fahamu inayoupa ulimi hisia. Katikati kuna uzi wa nyama unaoufunga ulimi kwenye sakafu ya mdomo. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, nao walisema kweli, ila wametuachia sisi wa meno kuongeza kwamba una damu nyingi kuliko unavyoonekana.

Sasa ushushe ulimi, utoe nje. Utaona mfereji mwembamba unaopita katikati kutoka nyuma kuja mbele. Chini ya mfereji huo kuna ukuta wa nyuzi ngumu unaougawa ulimi nusu mbili, kulia na kushoto. Kila nusu ina misuli yake, na ndiyo maana unaweza kuukunja ulimi, kuupinda upande, kuufanya mwembamba au mpana. Ukuta ule wa katikati hauna mishipa mikubwa ya damu. Kwa sababu hiyo, anayetoboa ulimi kwa ujuzi hupita hapo: wima, kutoka juu kwenda chini, katikati kabisa, mbele kidogo ya pale uzi wa nyama unapoanzia. Huo ndio utoboaji wa kawaida. Hata huo una hatari zake, lakini angalau umefuata ramani ya mwili.

Aliofanyiwa dada yetu haukufuata ramani hiyo. Yeye alitobolewa kwa kulala: sindano iliingia upande wa kulia wa ncha ya ulimi, ikatokea upande wa kushoto. Kigololi kimoja kinakaa huku na kingine kule, na mtu akitoa ulimi nje huonekana kama kichwa chenye macho mawili. Wauzaji huuita macho ya nyoka. Ubaya wake ni kwamba kijiti hicho kinaukata ule ukuta na kuzifunga nusu mbili za ulimi pamoja, kama mtu aliyefungwa miguu kwa kamba moja na kuambiwa atembee. Kila unapomeza, unapotafuna, unaposema, nusu hizo zinataka kwenda zinakokwenda, na chuma kinazuia. Basi kidonda hakipumziki. Na vigololi viko mahali ambapo vinagonga meno ya mbele mchana kutwa. Watoboaji wengi wenye ujuzi wao hukataa kuufanya, hata kwa mteja anayelipa. Aliyemfanyia dada yetu, katika chumba kidogo juu ya saluni katikati ya jiji, hakukataa.

Ulimi unavyopona

Kinywa ni mahali pa ajabu. Kina aina zaidi ya 700 za bakteria zinazojulikana, na bado kidonda cha kinywani hupona upesi kuliko cha mguuni. Damu inafika kwa wingi, pako na unyevu daima, na mate yenyewe yana vitu vinavyosaidia ngozi kujijenga upya. Umejing'ata ulimi mara ngapi, na baada ya siku tatu ukasahau?

Lakini kidonda chenye chuma ndani yake si kama cha kujing'ata. Uvimbe huanza saa chache baada ya sindano. Huongezeka, na hufikia kilele siku ya tatu hadi ya tano. Hapa ndipo watu wengi huogopa bila sababu, na wengine huacha kuogopa penye sababu. Ulimi kuvimba ukawa mzito, mate kuwa mengi, damu kidogo siku ya kwanza na ya pili, majimaji meupe au ya manjano hafifu kuzunguka tundu, yote hayo ni ya kawaida. Baada ya wiki moja au siku kumi uvimbe hushuka. Kwa utoboaji wa wima, tundu hupona kwa wiki nne hadi nane.

Kwa kuwa uvimbe unajulikana utakuja, kijiti cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko unene wa ulimi, kiuachie nafasi ya kuvimba. Uvimbe ukishuka, baada ya wiki mbili hadi nne, mtu hurudi akabadilishiwa kifupi. Hatua hii ya pili wengi huiruka, maana kurefu kumeshazoeleka, na ndipo meno yanapoanza kulipa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba nusu ya waliokuwa na kijiti kirefu kwa miaka miwili au zaidi walikuwa na fizi zilizoshuka nyuma ya meno ya chini ya mbele. Fizi ikishuka hairudi yenyewe. Meno ya nyuma nayo yalikuwa yamemeguka kwa wengi waliokaa nacho miaka minne na kuendelea, kwa sababu watu huking'ata bila kujijua, kama mtu anayetafuna kalamu wakati wa mtihani.

Dada yetu alipewa kijiti kifupi tangu siku ya kwanza. Aliambiwa kifupi kinapendeza. Siku ya nne vigololi vilianza kuzama ndani ya nyama, na siku ya sita, nilipomulika kwa taa ya simu, niliona kigololi kimoja tu. Cha pili kilikuwa kimemezwa na ulimi, na juu yake nyama imeanza kujifunga.

Kwa nini hakusema

Nilimuuliza hilo kabla ya kumuuliza kitu kingine, na sasa naona lilikuwa swali la kijinga kwa mtu asiyeweza kusema. Alijibu baadaye, ulimi ulipopona.

Alitaka, alisema, kitu kimoja kwenye mwili wake ambacho hakikuchaguliwa na mama, wala shangazi, wala chama. Na alikitaka mahali ambapo hakuna atakayekiona. Hakudhani kwamba angelazimika kukionyesha. Ulimi ulipovimba aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba ana malaria. Kampala mtu akisema ana malaria hakuna anayemuuliza swali la pili. Tukamwombea dua, tukaendelea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili ni letu. Wiki chache kabla, baada ya swala ya Isha, mmoja wetu alitoa mawaidha juu ya vijana wanaotoboa miili, akafanya mzaha kuhusu ng'ombe na pete za pua. Tulicheka. Mimi nilicheka. Yeye alikuwa amekaa safu ya nyuma, ameshalipa nusu ya pesa ya sindano. Anasema siku ya nne, maumivu yalipokuwa makali, alifikiria kuja kwangu, akakumbuka kicheko kile, akabaki kitandani siku mbili zaidi.

Siku mbili, kwa ulimi, ni nyingi. Kuna ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Ludwig, aliyeueleza mwaka 1836. Ni maambukizo yanayoenea sakafuni mwa mdomo pande zote mbili, chini ya kidevu panakuwa pagumu kama ubao, ulimi unasukumwa juu na nyuma mpaka unaziba njia ya hewa. Mara nyingi huanzia kwenye jino bovu, na mara chache sana kwenye ulimi uliotobolewa. Mara chache, lakini imetokea. Kwa hiyo usiku ule, kabla ya kuangalia vigololi, niliweka vidole chini ya kidevu chake. Palikuwa laini. Hakuwa na homa. Aliweza kufungua mdomo na kumeza mate yake. Nilishusha pumzi.

Yashike haya, kwako au kwa mwenzio, awe ametoboa ulimi au anaumwa jino tu. Mahali chini ya kidevu pakiwa pagumu na pamevimba, mate yakimtoka kwa kushindwa kuyameza, sauti ikiwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mdomo ukigoma kufunguka, au akishindwa kulala chali kwa sababu pumzi inabana, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni hospitali kubwa, usiku huohuo, na kama ni boda, ni boda.

Penye usaha wa manjano mzito au wa kijani, harufu mbaya, homa, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya tano badala ya kupungua, ni kumwona daktari siku hiyo. Na usikichomoe chuma mwenyewe. Tundu la ulimi hufunga upesi mno, pengine kwa saa chache likiwa jipya, na likifunga juu ya usaha limefungia moto ndani ya nyumba. Mwache daktari aamue.

Yaliyofanyika kliniki

Asubuhi tulikwenda kliniki ya meno. Daktari alipiga ganzi, akakata kidogo juu ya kigololi kilichozama, akafungua kijiti, akakitoa. Haikufika dakika ishirini. Hakumkaripia. Aliuliza mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ilikuwa lini, na kama amewahi kuambiwa kwamba moyo wake una tatizo.

Swali la moyo lilimshangaza, na huenda linakushangaza na wewe. Hapa Uganda wako vijana wengi ambao moyo wao uliumizwa utotoni na homa ya rumatiki, ile inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa, na baadhi yao hawajui. Kwa mtu wa namna hiyo, bakteria wa kinywani wakipata njia ya kuingia kwenye damu wanaweza kukaa kwenye vali ya moyo iliyoharibika na kuila. Taasisi ya Moyo pale Mulago inajua habari hizi vizuri. Kwa hiyo ukiwa na historia hiyo, au uliwahi kuchomwa sindano za penisilini kila mwezi ukiwa mtoto, usitoboe kitu chochote kinywani.

Kisha kuna sindano yenyewe. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na VVU. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto wachanga nchini mwetu mwaka 2002, kwa hiyo wadogo zetu wengi wanayo. Waliozaliwa kabla yake wapime, na wasio nayo wachanje. Dada yetu hakuona sindano ikifunguliwa kutoka kwenye pakiti. Alipimwa VVU siku ileile, na akaambiwa tarehe ya kurudi kupima tena, maana kipimo cha siku chache baada ya sindano hakitoshi kumtuliza mtu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya subira. Maji ya chumvi: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye bilauri ya maji yaliyochemshwa yakabaki uvuguvugu, kusukutua taratibu baada ya kula na kabla ya kulala. Usizidishe chumvi kwa kudhani inaua zaidi, itakuunguza. Dawa za kusukutulia zenye spiriti ziachwe. Vipande vidogo vya barafu husaidia siku za mwanzo. Uji uliopoa, mtindi, matoke yaliyopondwa vizuri. Pilipili, chai ya moto na mairungi mbali. Mswaki mpya. Mti wa mswaki tunaoupenda sote unafaa kwa meno, lakini nyuzi zake zisiguse kidonda. Aspirini isitumike kutuliza maumivu, kwani huzidisha kutoka damu. Na hakuna kupaka majivu, kahawa ya unga wala majani ya mtu yeyote, hata yakitoka kwa jaja kijijini.

Masikio, pua, na ulimi

Watu wetu si wageni wa kutoboa. Pwani hutumia neno kutoga kwa masikio, na wanawake wa Lamu na Zanzibar zamani walijaza matundu ya masikio yao vikunjo vya karatasi za rangi. Kipini cha pua kinajulikana huko. Wamakonde walitoboa mdomo wa juu kwa ndonya, na Karamoja walitoboa mdomo wa chini. Ulimi haumo katika orodha hiyo. Mahali ninapojua ulimi ulitobolewa kwa desturi kubwa ni kwa Wamaya wa Amerika ya Kati: jiwe moja la Yaxchilan, lililo sasa katika jumba la makumbusho la Uingereza, lenye tarehe ya mwaka 709, linamwonyesha mke wa mfalme akivuta kamba ya miiba kupitia ulimini, damu iwe sadaka kwa miungu yao. Hata kule lengo lilikuwa maumivu, hakuna aliyedai ni pambo.

Katika fiqhi, wanazuoni walihitilafiana hata juu ya sikio. Imam al-Ghazali alikuwa mkali, hakuona pambo la hereni kuwa sababu ya kutosha ya kumjeruhi mtoto wa kike. Wengi waliruhusu, wakitegemea hadithi ya wanawake waliovua hereni zao kuzitoa sadaka siku ya Idi mbele ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, naye hakuwakataza kuzivaa. Ikiwa sikio, ambalo ni gegedu na ngozi, lilihitaji mjadala, ulimi wenye madhara niliyoyataja una hoja dhaifu zaidi, na mashehe niliowauliza hapa hawakuuruhusu kwa msingi wa kukatazwa madhara. Mimi sina la kuongeza hapo.

Maswali yaliyomsumbua dada yetu usiku hayakuwa hayo. Aliuliza kama swala zake za siku sita zimesihi. Shehe alimjibu kwa upole. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi Uganda, kusukutua katika udhu ni sunna, na ndani ya mdomo si sehemu ambayo ni lazima kuoshwa, kwa hiyo kijiti hakikuharibu udhu wake. Asiyeweza kutamka Fatiha sawasawa kwa maradhi husoma kwa kadiri anavyoweza. Ramadhani ilipoingia alikuwa bado na dawa za kumeza mara tatu kwa siku, na damu kidogo asubuhi. Aliambiwa yeye ni mgonjwa, ale, alipe baadaye. Alilipa siku tano katika Shawwal, na mbili kati yake nilifunga naye.

Kilichochukua muda ni herufi. Wanaosoma tajwidi wanajua kwamba herufi 18 zinatoka kwenye ulimi, na nyingi kati yake zinahitaji ncha: thaa, dhaal na dhaa kwenye makali ya meno ya juu, laam, nuun na raa kwenye ufizi wake, taa na daal hapo karibu. Ncha hiyohiyo ndiyo iliyotobolewa. Wiki ya kwanza ya halaka alikaa akisikiliza tu. Wiki ya tatu alijaribu, na thaa ikatoka, nyembamba, yenye hewa nyingi. Nuun ilifuata. Tundu la upande wa kulia lilikuwa limeshafunga, na la kushoto limeacha kidoti cheupe kama punje ya chumvi, ambacho huwezi kukiona asipokuonyesha.

Raa bado. Inatoka kama ya mtoto, na kila akifika kwenye Ar-Rahman anasimama, anacheka mwenyewe kwanza, kisha anajaribu tena.